Rekodi za jua, dawa na unga mweupe

Ukitaja Singida, Mtanzania hukumbuka kuku na alizeti. Vyote viwili vimo katika habari hii. Kuku wakizubaa, mfugaji huyeyusha unga wa njano wa oksitetrasaiklini kwenye maji yao. Sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu, mvua ikaisomba hadi mtoni au bwawani. Alizeti ni kwa ajili ya jua, linaloweza kusaidia kuivunja dawa hiyo majini: Mgori, kwenye msitu wa miyombo mkoani humo, kiangazi hushika karibu nusu mwaka bila mvua ya maana.

Rekodi ya dawa majini inayotisha kuliko zote ni ya Patancheru, India. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watafiti walipima maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kusafisha majitaka ya viwanda vya dawa, wakakuta siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita, zaidi ya kiasi kinachokuwa ndani ya damu ya mgonjwa anayetibiwa. Kwa mito, utafiti wa mwaka 2022 katika nchi 104 uliipa Lahore nafasi ya kwanza kwa wingi wa dawa za kila aina. Ya tatu duniani ilikuwa Addis Ababa. Na antibiotiki iliyoonekana sehemu nyingi zaidi katika utafiti mwingine wa mito, wa 2019, ni trimethoprimu, ile iliyomo ndani ya Septrin: vituo 307 kati ya 711.

Kichocheo mashuhuri kuliko vyote cha kuzivunja dawa hizi kwa mwanga ni titani dioksaidi, unga uleule unaoipa rangi ya ukutani weupe wake. Akira Fujishima na Kenichi Honda waliutangazia ulimwengu uwezo wake mwaka 1972, walipoutumia kuyapasua maji yenyewe. Mwanga ukiupiga, elektroni huruka na kuacha pengo; pengo hilo hunyang'anya maji elektroni, na hapo huzaliwa haidroksili huru. Hiyo ni kali kuliko klorini, kali kuliko ozoni, na maisha yake hayafiki hata kope kupepesa: sehemu ya bilioni ya sekunde hivi. Ndiyo maana lazima izaliwe dawa ikiwa imeugusa unga, au karibu kabisa.

Tatizo ni kwamba titani dioksaidi hutumia miale ya urujuanimno tu, takribani asilimia 5 ya jua lote. Asilimia 95 ya jua la Mgori zingepita bure. Kwa hiyo mshindani ninayempenda mimi ni unga wa njano wa kaboni na nitrojeni, unaoshika hata mwanga wa buluu. Hupatikana kwa kuoka urea, mbolea anayoijua kila mkulima, kwenye nyuzi joto 550 hivi.

Bado kuna kazi ngumu mbili: kuugandisha unga kwenye kioo au kigae ili usibaki majini, na kupima maji upya baada ya jua, kwa sababu dawa iliyovunjika nusu huweza kubaki sumu.