Ulanga, Jiwe Lenye Kurasa
Katika mito ya mchanga ya Machakos, Kitui na Taita, mtu achotaye mchanga wakati wa jua kali huona vipande vidogo vikimeremeta kama dhahabu. Asiyejua huweza kujaza gunia zima, au kumpa mdanganyifu fedha za ng'ombe wake. Kwa kawaida kitu hicho ni ulanga.

Ulanga si jiwe la namna moja, bali ni jamaa ya madini yaliyomo ndani ya miamba mingi. Yote yameumbwa kwa silika iliyotandazwa tabaka juu ya tabaka, na baina ya tabaka hizo aghalabu mna potasiamu isiyoshika kwa nguvu. Ndiyo sababu ukitia ncha ya kisu ubavuni, ulanga hufunuka kama kurasa za kitabu, na ukurasa mmoja waweza kuwa mwembamba kupita karatasi hii uisomayo. Ukiukunja kidogo kisha ukauachilia, hurudi ulivyokuwa. Kloriti, madini yafananayo nao, hukunjika yakabaki yamekunjika.

Wataalamu huugawa ulanga kwa vitu vilivyomo, na rangi husaidia kuutambua. Ulanga wa muskoviti, wenye alumini, ni mweupe nao hupitisha nuru kama kioo. Zamani Warusi waliutia madirishani, na jina lake latokana na Muscovy, jina la kale la nchi yao. Biotiti ni mweusi kwa sababu ya chuma. Flogopiti ni wa rangi ya hudhurungi, una magnesiamu nyingi, nao hustahimili moto kuliko muskoviti. Lepidoliti, wa rangi ya waridi au zambarau, una lithiamu.

Muskoviti safi wa vipande vikubwa una bei, kwa kuwa haupitishi umeme wala hauharibiki upesi kwa moto. Ulichimbwa katika milima ya Uluguru, Tanganyika, tangu siku za Wadachi, na wakati wa vita vya 1939-1945 ulanga ulitakiwa sana kwa mitambo ya redio. Lakini vumbi lake ni adui wa mapafu. Mwenye kuusaga na afunike pua na kinywa.

Ama ule wa mitoni, mara nyingi ni biotiti uliochakaa kwa mvua na jua, hata weusi wake ukageuka rangi ya dhahabu. Kuupima si kazi kubwa. Weka kipande juu ya jiwe ukigonge kwa nyundo: dhahabu hubonyea na kupanuka, ulanga huvunjika magamba. Tena dhahabu ina uzito yapata mara sita ya ulanga wa kadiri ile ile. Ukizungusha mchanga na maji ndani ya karai, dhahabu hukaa chini, na ulanga huenda zake pamoja na maji.