Pesa za tabianchi hufikaje kwenye wadi yako?

Kila tunapotangaza habari za mikutano ya dunia kuhusu mabadiliko ya tabianchi, wasikilizaji hutupigia na swali lilelile: hayo mabilioni huenda wapi, mbona mto wetu ungali mkavu?

Wana haki ya kuuliza. Mwaka 2009, mjini Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020. Kiasi hicho kilifikiwa 2022, tena sehemu kubwa ikiwa mikopo. Mwaka 2024, mjini Baku, ahadi ilipandishwa hadi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035.

Kati ya Baku na kijiji chako kuna ofisi nyingi. Ndiyo maana tunaitazama Makueni. Mwaka 2015 kaunti hiyo ilipitisha kanuni za hazina ya tabianchi na kuitengea asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo. Isiolo, Kitui, Wajir na Garissa pia zilikuwa katika majaribio ya mfumo huo. Katika kila shilingi 100 za hazina, 70 zilitengewa miradi ya wadi, 20 miradi ya kaunti nzima, na 10 uendeshaji.

Miradi ya wadi hupendekezwa na kamati ya wananchi wa wadi yenyewe, na katika maeneo makavu wengi hutaka maji. Chukua bwawa la mchanga: ukuta hujengwa kukata mto wa msimu, mafuriko yakija huleta mchanga unaojaa nyuma yake, na maji hubaki humo chini ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Mkandarasi akijenga ukuta mahali pasipo na mwamba chini, maji hupenya yakaenda zake. Wazee wanaoujua mto huo wangemwonya, kama wangeulizwa.

Leo mfumo huu umepanuliwa nchini Kenya kupitia mpango wa FLLoCA, unaosaidiwa na Benki ya Dunia. Kaunti hutakiwa kuwa na sheria ya tabianchi, hazina na kamati za wadi. Lakini kamati isiyojulikana na wafugaji wala kina mama wanaochota maji itapeleka kisima karibu na soko, tusidanganyane.

Kwa hiyo nenda ofisi ya wadi, au simama barazani, uulize: wanakamati wetu ni kina nani, walichaguliwa lini, wamependekeza mradi gani, na umetengewa shilingi ngapi?