UZI: "UN iwachukue wakimbizi wake." Sawa, lakini ni nani hasa humhamisha mkimbizi?

1. Kila msimu wa siasa kauli hii lazima irudi: "Wakimbizi ni wa UN, basi UN iwachukue iwapeleke Ulaya ama Marekani." Utaisikia kwa mikutano ya hadhara, kwa redio asubuhi, hata kwa matatu, na watu hupiga makofi. Mimi nasoma sayansi ya siasa. Leo sitaki kubishana kama wakimbizi wabaki ama waende. Nataka tujibu swali dogo tu: kazi ya kumhamisha mkimbizi hufanywa na nani, na hufanywaje? Ukishajua hilo, utajua pia kama anayetoa hiyo ahadi ana uwezo wa kuitimiza. Na kama kawaida yetu hapa, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama.

2. Kwanza niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Naishi Spring Valley, lakini si kwa yale majumba ya ukuta mrefu. Mamangu hufanya kazi kwa mojawapo, na sisi tunalala nyumba ya wafanyakazi kule uani. Kuna mama mmoja Mkongomani, mtu wa Kivu Kusini, huwaletea wafanyakazi wa mtaa huu vitenge, unalipa pole pole kila mwisho wa mwezi. Nitamwita Mama Vitenge. Alingoja miaka minane. Mwishoni mwa 2024 akaambiwa ndege ni Februari, Marekani, yeye na watoto watatu. Akauza cherehani na vitanda, akamrudishia landilodi nyumba kule Kangemi, akatoa watoto shule. Januari 2025 safari ikafutwa. Nitamrudia.

3. Tuelewane kwa maneno. Kuna njia tatu zinazokubalika duniani za kumaliza ukimbizi: kurudi kwao kwa hiari hali ikitulia, kukubaliwa kuishi na kufanya kazi katika nchi uliyokimbilia, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Hii ya tatu ndiyo inayozungumziwa kila mtu akisema "wapelekwe ng'ambo". Wasomali wa Dadaab hata wana jina la ile hamu ya kuhamishwa inayomnyima mtu usingizi: buufis. Lakini ndiyo njia nyembamba kuliko zote. Duniani kote, wanaohamishwa kwa mwaka hawafiki mkimbizi 1 kati ya 100. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Piga hesabu mwenyewe.

4. Sasa tufuate safari yenyewe. Inaanzia kwa serikali yetu: Idara ya Huduma kwa Wakimbizi (DRS) ndiyo humsajili mtu na kuamua kama ni mkimbizi kweli. Halafu UNHCR. Ofisi yao iko Waiyaki Way hapo Westlands, huipita nikienda chuo. Watu wengi hudhani mkimbizi huenda pale akajaza fomu ya kuomba Marekani. La. UNHCR ndiyo huangalia nani yuko hatarini zaidi: aliyeteswa, mwanamke anayewindwa, mtoto asiye na mzazi, mgonjwa asiyeweza kutibiwa hapa. Faili hupelekwa kwa nchi fulani, na nchi hiyo ndiyo husema ndiyo ama hapana. UNHCR yenyewe haina viza ya kumpa mtu.

5. Lakini UNHCR itajuaje kwamba kuna msichana pale Eastleigh anatishiwa? Mtu aliyebakwa vitani haanzi kumsimulia afisa nyuma ya meza. Huanza na mwenzake wa kanisani, ama wa msikitini, ama jirani wa lugha yake. Hapa ndipo mashirika ya jamii huingia. RefuSHE, iliyoanza 2008 kama Heshima Kenya, huwapa makao wasichana wakimbizi walio peke yao Nairobi. Refugee Consortium of Kenya na Kituo cha Sheria hutoa mawakili. HIAS hushughulikia ushauri na ulinzi. JRS, la Wajesuiti, limefanya kazi kupitia parokia za mitaani. Na kuna vikundi vingi vya wakimbizi wenyewe visivyo hata na ofisi. Mmoja ana makao, mwingine ana wakili, mwingine ana mtafsiri wa Kisomali ama Kinyamulenge. Wasipopigiana simu, yule msichana hafiki popote.

6. "Mbona ukaguzi ni mrefu hivyo?" Swali la haki. Mojawapo ya sababu ilitokea hapa hapa. Mwaka 2001 uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulifichua mtandao Nairobi uliokuwa ukiwauzia wakimbizi nafasi za kuhamishwa. Baada ya hapo kanuni zikakazwa. Kwa hivyo kama kuna mkimbizi anasoma hapa: nafasi hizi haziuzwi. Kila hatua ni bure. Anayekuomba pesa anakuibia.

7. Tuendelee. Kwa waliokuwa wakienda Marekani, faili iliandaliwa Nairobi na kituo kinachosimamiwa na Church World Service, shirika la makanisa, kwa niaba ya serikali ya Marekani. Maafisa wa Marekani wakamhoji mtu ana kwa ana, usalama ukakaguliwa. IOM ikampima afya na kumkatia tiketi. Tiketi hiyo si zawadi, ni mkopo usio na riba ambao familia hulipa ikishaanza kazi kule. Serikali ya Kenya nayo lazima itoe kibali cha kutoka. Hatua moja ikichelewa, vipimo vya afya vinaisha muda na mtu anarudi nyuma. Miaka minane ya Mama Vitenge ilipotelea humo.

8. Na kule wanakoshukia? Vilevile ni mashirika ya jamii. Nchini Marekani serikali hulipa mashirika ya kitaifa, nayo hufanya kazi kupitia ofisi ndogo za miji, na hizo hutegemea makanisa, misikiti, masinagogi na majirani. Mtu anakungoja uwanja wa ndege na koti, mwingine ametafuta nyumba, mwingine anapeleka watoto shule. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya kushikwa mkono, baada ya hapo unatarajiwa kusimama.

9. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa wanafunzi wenzangu. Kanada iliruhusu vikundi vya raia kudhamini wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1970. Tangu 1978 shirika la WUSC limekuwa na mpango wa wanafunzi wakimbizi. Hapa Kenya, Windle International Kenya huwatayarisha vijana wa Dadaab na Kakuma waliofanya vizuri shuleni. Kule Kanada, wanafunzi wa vyuo hupiga kura kukubali kuongeza kiasi kidogo kwa karo yao, na hiyo michango ndiyo humlipia mwenzao masomo na malazi mwaka wa kwanza. Anaingia kama mkaazi wa kudumu. Zaidi ya vijana 2,000 wamepita njia hii. Mwanafunzi anayelipa karo kwa shida amepiga kura kumchangia mtu asiyemjua aliyesomea Dadaab. Hiyo pia ni siasa, ingawa haina jukwaa wala vipaza sauti.

10. Sasa udhaifu wa mnyororo huu. Mashirika yanaweza kuwa mia moja yakishirikiana vizuri, lakini mlango ni wa serikali. Mwaka wa fedha 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000. Januari 2025 mpango wote ukasimamishwa kwa amri moja. Kwa mwaka wa fedha 2026 kikomo kikawekwa 7,500, kidogo kuliko chote tangu sheria yao ya wakimbizi ya 1980. Kanada nayo, Novemba 2024, ilisitisha kupokea maombi mapya ya vikundi vya watu watano. Kwa hivyo mwanasiasa wa hapa anaposema "wapelekwe Marekani", anaahidi kitu kilicho mkononi mwa mpiga kura wa Ohio.

11. Turudi kwa Mama Vitenge. Hana nyumba, hana kitanda, watoto watatu. Ni nani alimpokea? Si UN. Chama cha akina mama wa kanisa lake, kile cha kuchanga kila Jumapili, kilimlipia kodi ya mwezi mmoja, na robo tatu ya akina mama hao ni Wakenya. Kikundi cha mafundi wakimbizi kikamwazima cherehani. Mwalimu mkuu akawarudisha watoto darasani huku karo ikisubiri. Mashirika makubwa yangemsaidia zaidi, ila fedha za misaada za Marekani zilisimamishwa juma lile lile safari zilipofutwa, na mengi yakaachisha wafanyakazi. Nilimuuliza kama ana hasira. Akaniambia, "Mwanangu, hasira nitaiweka wapi? Nyumba yenyewe ni chumba kimoja."

12. Lakini angalieni: chama kile kiliweza kumsaidia kwa sababu yuko Kangemi. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini waende kambini. Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wakaenda kortini, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikatupilia mbali agizo hilo. Mwaka 2014 msako wa Usalama Watch ukajaza watu uwanja wa Kasarani. Mwaka 2016 serikali ikataka kufunga Dadaab, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema ni ubaguzi na ni kinyume cha katiba. Kila mara ni mashirika ya hapa, pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu katika kesi ya Dadaab, yaliyosimama.

13. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imeongeza kitu: mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kufanya kazi ama biashara, na kibali chake cha kazi, daraja M, hakilipiwi. Anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza hata kuuacha ukimbizi kwa hiari yake na kuishi kama raia mwingine wa Jumuiya. Kwenye karatasi ni vizuri. Kwenye barabara, kupata kibali ni kazi, na askari wa kaunti hasomi sheria kabla ya kubeba vitenge vya mtu. Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wa kugeuza Dadaab na Kakuma kutoka kambi hadi makazi ya kawaida yenye huduma za pamoja. Jina zuri. Tungoje tuone nani atashirikishwa.

14. Upande wa pili nao una hoja, tusiwacheke. Mkaazi wa Turkana ama Garissa ameona malori ya misaada yakimpita miaka 30 na yeye hana maji. Mzazi wa Kangemi anauliza mbona mtoto wake hapati mfadhili. Na sisi wa Westlands hatujasahau Septemba 2013, watu 67 waliuawa Westgate. Hofu ile si ya kubuni. Lakini hofu ya usalama hujibiwa kwa kumsajili mtu na kujua anakoishi. Anayefukuzwa mjini hujificha tu. Na malalamiko ya mwenyeji hujibiwa kwa kujenga shule na kisima cha wote, kama ilivyokusudiwa Kalobeyei tangu 2016. Kama haijatosha, tudai itoshe.

15. Kwa hivyo ukisikia ile kauli tena, usipige makofi wala usizomee. Uliza maswali matatu.
Moja: utaongea na nchi gani, na imekubali kuchukua wangapi?
Pili: wale 99 kati ya 100 wasiochukuliwa, mpango wako ni upi?
Tatu: mashirika ya hapa yanayowashika wanaongoja, utayapa nafasi ya kufanya kazi ama utayafunga?
Akijibu la kwanza tu, bado hajajibu.

16. Mama Vitenge alipita Jumamosi iliyopita. Deni la cherehani limebaki kidogo. Faili yake haijafutwa, imekaa tu mahali fulani, hajui kwa nani. Mamangu alichukua kitenge cha kijani, atalipa mwisho wa mwezi. Kama unaishi karibu na kikundi kinachofanya kazi hii, cha kanisa, cha msikiti ama cha wakimbizi wenyewe, tuambie hapa chini kinafanya nini na kimekwama wapi. Uzi ujao: uraia na vitambulisho, maana najua mtaniuliza.