Dishi Juu ya Paa Halimlindi Dereva

"Siku hizi kuna Starlink, hizo redio bado za nini?" Naulizwa hivi na wahasibu wa mashirika ya misaada, na wafadhili, na wakurugenzi waliohamia juzi, hata na vijana wa TEHAMA ambao wangepaswa kulijibu swali hilo wao wenyewe. Huja msimu wa bajeti, na huja na mkasi mkononi: fungu la redio za mawasiliano lifutwe, mwendesha redio wa zamu ya usiku apunguzwe, fedha zikanunue madishi mawili zaidi. Nimelijibu vikaoni hadi nimechoka. Leo nalijibu kwa maandishi, kwa sababu limeanza kuhatarisha maisha ya watu.

Dishi la Starlink, lile la intaneti ya setilaiti, silikatai. Setilaiti za mawasiliano za kizamani zimekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ukisema neno huku chini inapita takriban nusu sekunde au zaidi kabla jibu halijakufikia. Za Starlink hupita kilomita 550 hivi juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo kusubiri huko karibu hakupo. Ofisi inayotuma orodha za wagonjwa, picha za eksirei na hesabu za magunia ya unga haijawahi kupata kitu cha kasi hiyo kwa bei hiyo. Ninayafunga madishi hayo na nitaendelea kuyafunga. Ninachopinga ni imani kwamba ukishapata intaneti, umeshapata mawasiliano ya dharura.

Tuichukue barabara ya Goma kwenda Masisi kupitia Sake, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Magari matatu ya shirika yanapanda milima, la mbele limebeba muuguzi na masanduku ya chanjo. Dishi liko juu ya paa la ofisi mjini Goma na kasi yake ni nzuri kabisa. Ukishaipita Sake, mtandao wa simu unakuja na kuondoka kila kona. Akiwa bado ng'ambo ya bonde, dereva wa mbele anaona mti umelazwa barabarani na watu wenye bunduki wamesimama kando yake. Muda alionao ni huo tu. Akishafika kwenye kizuizi hatakiwi kugusa redio wala simu, maana kuonekana umeshika kipaza sauti mbele ya mtu mwenye silaha na wasiwasi ni kujitakia balaa. Kwa hiyo pale ng'ambo ya bonde anahitaji kubonyeza kitufe kimoja na kusema sentensi moja, na sentensi hiyo iwafikie kwa mpigo madereva wawili walio nyuma yake, mwendesha redio aliyeketi Goma, na gari la shirika jingine linaloshuka kutoka Masisi ambalo yeye hata hajui kama lipo. Wa nyuma watageuza. Wa Goma ataandika saa na mahali, kisha aanze kuwaamsha wakubwa. Anayeshuka atasimama alipo.

Hakuna simu inayofanya kazi hiyo. Simu inataka umjue unayemtafuta, ulifungue jina lake, usubiri iite, naye apokee. Redio inamfikia kila aliye kwenye chaneli, pamoja na yule asiyejua kwamba anahitaji kusikia.

Hapo ndipo mtu hunyanyua mkono na kuniambia kuna kundi la WhatsApp. Najua lipo. Nimeona ujumbe wa tahadhari uliotumwa saa nane usiku umekaa na tiki moja hadi alfajiri, na chini yake mialiko ya harusi na salamu za Ijumaa. Dereva hasomi akiwa kwenye usukani, na tunamwadhibu akisoma. Simu za wakubwa huzimwa sauti usiku. Zaidi ya yote, kundi halina mtu ambaye kazi yake ni kulisikiliza. Kituo cha redio kina mtu wa zamu anayelipwa kusikia, mwenye daftari, saa ya ukutani na orodha ya magari yaliyotoka asubuhi. Gari lililoahidi kuripoti saa sita likinyamaza hadi saa sita na robo, yeye ndiye anayeanza kuliita. Mtu huyo ndiye moyo wa mfumo mzima, naye ndiye wa kwanza kukatwa kwenye bajeti.

Tena WhatsApp hupita kwenye mtandao ambao serikali au mpiganaji anaweza kuuzima. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kote Kongo na ikakaa hivyo karibu wiki tatu, wakati Ebola ikiua watu Beni na Butembo. Tigray, Ethiopia, ilikatiwa mawasiliano vita vilipoanza Novemba 2020. Sudani, Februari 2024, mitandao ya simu ilinyamaza karibu nchi nzima.

"Ndiyo maana tunataka Starlink," wananiambia. Basi tulitazame dishi lenyewe.

Kwanza umeme. Dishi la kawaida na ruta yake hula wati 50 hadi 100, tuseme 75. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, ile kubwa ya lori ambayo ofisi nyingi huwa nayo, ina wati-saa 1,200, lakini ukizoea kuitoa zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo hesabu 600. Gawa kwa 75: saa nane. Jenereta ikizimwa saa nne usiku ili kuokoa dizeli, kunapopambazuka dishi limezimika na ofisi iko kimya. Redio ya mezani ya VHF, ile ya mawasiliano ya karibu, inaposikiliza tu, haifiki hata wati 10, na betri ileile inaibeba zaidi ya siku mbili. Wapiganaji walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, umeme ulikatika sehemu kubwa ya mji, mtandao ukayumba na uwanja wa ndege ukafungwa. Siku kama hiyo hakuna anayekwenda kununua dizeli.

Pili, swichi haiko mkononi mwako. Tarehe 24 Julai 2025 mtandao wa Starlink ulianguka dunia nzima kwa takriban saa mbili na nusu kwa hitilafu ya programu za ndani. Huko nyuma, Aprili 2024, watumiaji waliokuwa Sudani waliarifiwa kwamba huduma ingekatwa kwa walio katika nchi zisizo na leseni, na mashirika karibu mia moja yakapiga kelele, kwa kuwa majiko ya jamii yaliyokuwa yakilisha watu yalipokea fedha zake kupitia madishi hayo. Uamuzi wa kuwasha au kuzima hufanywa mbali, na asiyeijua barabara yako. Ripita, yaani mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha upya, iliyo juu ya kilima chako inaweza kuharibika pia, lakini utapanda kilima na bisibisi.

Tatu, sheria. Dishi ni mtambo wa kurusha mawimbi, na mtambo wa kurusha mawimbi unahitaji leseni. Kongo ilipiga marufuku matumizi ya Starlink Machi 2024, jeshi likihofia waasi wa mashariki wataitumia, na leseni haikutolewa hadi Mei 2025. Kwa zaidi ya mwaka mzima, mfanyakazi wa misaada aliyeficha dishi chini ya maturubai alikuwa amebeba kitu ambacho askari yeyote angeweza kukiita ushahidi. Simu za setilaiti nazo ni hivyohivyo: India hukamata wasafiri wanaoingia na Thuraya au Iridium bila kibali.

Nne, na hii ndiyo hoja inayonikera kuliko zote: "Tufunge dishi kwenye gari basi." Linafungika. Kisha gari linaingia kwenye msitu wa kwenda Walikale, matawi yanafunika anga, na dishi linatafuta setilaiti ambazo haliwezi kuziona. Likitoka msituni linafika kwenye kizuizi na sahani nyeupe juu ya paa, kitu cha thamani kinachoonekana tangu mbali na kinachoulizwa maswali. Hata likiwa hewani salama, dereva bado yuko kwenye simu, anatafuta jina.

Msimamo wangu hautokani na kuipenda mitambo ya zamani. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, umeme na simu vilikatika mji mzima. Uratibu ulihamia uwanja wa ndege, na kikosi cha Télécoms Sans Frontières, pamoja na klasta ya mawasiliano ya dharura, yaani kundi la mashirika linaloongozwa na Mpango wa Chakula Duniani (WFP), wakaleta intaneti ya setilaiti. Ilikuwa kazi nzuri na ya lazima. Bila hiyo wasingejua nani ameleta nini. Lakini watu wa wilaya jirani ya Buzi walikuwa juu ya mapaa na miti, na anayekwenda kuwachukua kwa boti hakai uwanjani. Intaneti hukaa ilipofungwa, wakati uokoaji unakwenda yaliko maji.

Redio nayo ina mipaka, na anayeitetea bila kuitaja mipaka hiyo anamdanganya msikilizaji wake. Mawimbi ya VHF huenda karibu moja kwa moja, hayapindi mlima. Kanuni yetu ni kuzidisha kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita na 4.12, ndipo upate kilomita. Redio ya mkononi, iliyo mita moja na nusu kutoka ardhini, inaona kilomita tano. Antena ya ofisi kwenye mnara wa mita 30 inaona kama 22. Jumla 27, na hiyo ni tambarare bila nyumba. Katikati ya mabati na kuta za zege ukipata tatu shukuru. Weka ripita kwenye kilima chenye mita 400 juu ya bonde, inaona zaidi ya kilomita 80, na ghafla wilaya nzima inazungumza. Ndiyo maana nikifika mahali papya natazama vilima kabla ya kutazama ofisi.

Kinachoua mifumo hii ni uzembe mdogomdogo. Fungua kiungio cha kebo ya antena kilichokaa juu ya paa masika mawili bila kuzungushiwa utepe wa mpira. Utakuta shaba imegeuka kijani, na ukiukunja waya maji yanatoka. Redio ya kituo hicho inawaka taa zote, inaonekana nzima, na nguvu yake inaishia kwenye kebo. Shirika linasema redio hazifanyi kazi tena, linanunua dishi. Kitu kilichohitajika kilikuwa kiungio kipya na nusu saa ya fundi.

Yule anayesema yeyote anaweza kusikiliza redio yuko sahihi. Ndiyo sababu hatutaji fedha, majina ya wagonjwa wala njia ya kesho hewani. Mahali hutajwa kwa alama zilizokubaliwa. Mambo hayo yapelekwe kwenye dishi, ndiko yanakofaa.

Basi, kwa shirika dogo lenye magari manne na fedha kidogo, fanya hivi. Tafuta kwanza kama klasta ina ripita eneo lako na uombe chaneli, usijenge yako. Kila gari liwe na VHF iliyofungwa, na kila mfanyakazi awe na ya mkononi yenye betri ya akiba. Njia ikizidi kilomita mia au ikipita nyuma ya milima, ongeza HF, ile ambayo madereva wengi huiita Codan, kwani mawimbi yake hugonga tabaka la juu la anga na kurudi: mchana tumia masafa ya juu kama MHz 7 hadi 10, usiku shuka kwenye 3 hadi 5. Antena ya waya ya ofisini kata kwa 143 gawa kwa MHz, yaani mita 20 na ushee kwa MHz 7, uitandaze chini, kimo cha nyumba moja hivi, ili mawimbi yapande wima na kushukia milimani karibu. Ukiinyanyua juu sana utaongea na Kinshasa umkose wa Rutshuru. Dishi moja ofisini, lenye betri na sola yake, lisiunganishwe na betri ya redio hata kwa bahati mbaya. Simu moja ya setilaiti, yenye salio ambalo halijaisha muda, ipigwe kila Ijumaa nje ya jengo, si ndani, kwa kuwa chini ya paa haioni chochote. Masafa na namba zote ziandikwe kwenye karatasi ndani ya kila gari. Kila jioni, saa ileile, kituo kiite kila jina, na asiyeitika atafutwe hadi apatikane, hata kama kila mtu anajua yuko nyumbani anakula. Leseni ziombwe kabla mzigo haujapakiwa. Mkataba wa Tampere, unaotumika tangu 8 Januari 2005, unazitaka nchi wanachama zipunguze vikwazo vya mitambo ya uokoaji, lakini afisa wa forodha hana wajibu wa kuukumbuka saa nne usiku, kwa hiyo beba barua ya mamlaka ya mawasiliano, na nakala yake ikae kwenye faili la dereva. Bajeti ikikaza, kata dishi la pili kabla ya kugusa zamu ya usiku.