Likizo Juani: Usiulize bei, uliza upepo

MUULIZE mtu wa bara mwaka una misimu mingapi, atakujibu miwili: mvua na jua. Muulize Mzungu, atakutajia minne, na mmoja una theluji. Sasa muulize mvuvi wa Mafia. Naye atakuhesabia minne, ila theluji hakuna: kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Kwake hayo siyo mambo ya kalenda ya ukutani. Ndiyo yanayomwambia lini atoke na lini abaki pwani akitengeneza nyavu.

Naandika haya kwa sababu kila likizo zinapokaribia jamaa wananiuliza swali lile lile: "Bwana, tumechoka na kelele za Dar, twende wapi?" Nikiwajibu "Nendeni Juani," nusu yao wanadhani nawafukuza wakaanikwe kama dagaa. Nusu nyingine wanauliza, eti iko mkoa gani?

Haya, tuelewane kwanza. Juani ni kisiwa kidogo kilicho kusini mashariki ya kisiwa kikubwa cha Mafia, Mkoa wa Pwani. Jirani zake ni Chole na Jibondo. Na hapana, Mafia hii haina undugu na wale jamaa wa Italia wenye suti nyeusi. Mwaka 1995 eneo hilo lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye kilomita za mraba 822. Juani imo ndani yake.

Hoja yangu ni moja tu. Wengi wetu tunapanga likizo kwa kuangalia ruhusa ya bosi na unene wa pochi. Ukienda Juani kwa mtindo huo, unaweza kutumia akiba ya mwaka mzima ukaambulia kutazama dirisha. Kule bosi ni upepo. Mtu aliyekwenda Krismasi na mwenzake aliyekwenda Nane Nane wakikutana kijiweni watabishana mpaka usiku kama kweli walikwenda kisiwa kimoja. Basi tuzipitie sikukuu zetu, moja moja.

KRISMASI NA MAPINDUZI: KASKAZI

Kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi upepo unatoka kaskazini. Ndiyo upepo ule ule uliowaleta mababu wa majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Wakati wenzetu wa Moshi wamejazana kwenye mabasi kwenda kuchinja nyumbani, bahari ya Mafia inakuwa na maji maangavu, na anayejua kupiga mbizi anaona matumbawe kama yuko sokoni anachagua vitenge.

Ni msimu pia wa papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita mita 12, lakini mpole kama ng'ombe wa maziwa. Chakula chake ni vijidudu vya baharini na visamaki vidogo, siyo mguu wako. Huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi upande wa magharibi, karibu na Kilindoni. Kwa hiyo panga hivi: siku moja potwe Kilindoni, siku nyingine Juani.

Ubaya wa kaskazi ni joto. Ni kali ile mbaya. Ukitaka kutembea kisiwani, toka alfajiri, beba maji na kofia. Saa sita mchana jina la kisiwa linakuwa na maana yake halisi.

PASAKA NA MUUNGANO: MASIKA

Hapa ndipo watu wanapoliwa. Katikati ya Machi mvua zinaanza, Aprili zinamwagika, Mei bado. Hoteli nyingi za Mafia hufunga milango miezi hiyo, na zilizobaki hushusha bei. Bei hiyo ndiyo mtego wenyewe.

Kuna mshikaji mmoja wa Tabata alimpeleka mchumba wake Pasaka kwa sababu "bei zimeanguka". Siku tatu walikaa Kilindoni wakisikiliza bati. Hakuna nahodha aliyekubali kuwavusha, na Juani waliiona kwenye ramani. Mchumba alirudi Dar hazungumzi.

Nawasifu wale manahodha waliokataa. Masika siyo ya kuchezea. Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kutoa tahadhari, na hata boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa. Ukisikia nahodha anasema "leo hatutoki", usimbembeleze wala usimwongezee pesa. Anaweza kukubali pesa yako, lakini bahari haijui kuhesabu noti.

Ila usidhani kisiwa kimelala. Ni miezi hiyo ya mvua ambapo kasa wengi wanapanda usiku kwenye fukwe za mashariki ya Juani, zile zinazotazama bahari kuu. Mama kasa anajikokota mchangani, anachimba shimo, anataga mayai yanayoweza kupita 100, anafukia, anarudi baharini. Hana habari na Pasaka yetu. Hesabu siku 50 hadi 60 tangu hapo, utaona likizo gani inafuata.

SABA SABA NA NANE NANE: KIPUPWE

Naam, hii ndiyo karata yangu. Juni hadi Septemba, shule nyingine zimefungwa, kuna sikukuu mbili, na watoto wa kasa wanatoka kwenye mashimo. Ukiniuliza mimi, mzazi mwenye nafasi ya safari moja tu kwa mwaka aiweke hapa.

Nimeshuhudia wakitoka na siwezi kuchoka kusimulia. Kwanza mchanga unatikisika kidogo, kama chungu cha uji kinachoanza kuchemka. Kinachomoza kichwa kimoja, halafu viwili, halafu ghafla ni kundi zima, kila kimoja kinaenea kiganjani. Vinakimbilia maji bila kuelekezwa na mtu. Kaa wanavisubiri, ndege wanavisubiri, na samaki nao wanavisubiri huko mbele. Wataalamu wanasema huenda ni mmoja tu kati ya 1,000 atakayefikia utu uzima, na akiwa jike atarudi miaka 20 au zaidi baadaye kutaga kwenye pwani hizo hizo. Watoto niliokuwa nao, mabingwa wa kelele, walinyamaza kimya.

Masharti ni machache: usiwashe tochi wala mwanga wa kamera, usiwashike, usisimame kati yao na maji. Waongozaji huhesabu siku za kila shimo, kwa hiyo uliza mapema siku gani kuna shimo linalotegemewa. Wakikwambia ni kesho, usilazimishe leo.

Kipupwe kina baridi ya kupendeza, ya kulala na shuka. Ndicho kipindi cha kutembelea magofu ya Kua, upande wa magharibi wa Juani. Kua ilikuwa mji wa Waswahili wenye nyumba za mawe, misikiti, makaburi na jumba la mtawala lililokuwa na ghorofa. Leo mizizi imekumbatia kuta na vichaka vimeingia sebuleni.

Wenyeji watakupa kisa cha Kua na Kisimani, mji mwingine wa Mafia uliokuwa upande wa magharibi. Eti watu wa Kisimani walijenga jahazi, wakawaalika wa Kua kwenye sherehe ya kulishua. Wageni wakila na kucheza, watoto wao walichukuliwa wakalazwa mchangani, jahazi likapitishwa juu yao. Watu wa Kua walinyamaza. Miaka kama saba ikapita, nao wakaalika harusi. Wageni wakakaribishwa kwenye chumba cha chini, wenyeji wakachomoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwapigia soga huku mafundi wakiziba mlango kwa mawe. Mzee naye akabaki humo humo. Ni hadithi, lakini ukiisikia umesimama kwenye magofu yenyewe, mgongo unasisimka.

Mwisho wa mji wenyewe unaandikwa kwenye historia: mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska walivamia kwa ngalawa zao, wakaua, wakapora, wakachukua mateka. Kua haikusimama tena, na makao ya utawala yakahamia Chole. Ukiwa hapo usiokote hata kigae. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo.

Tahadhari ya kipupwe: upepo wa kusi una nguvu. Pwani ya mashariki ni ya kutazama kasa, siyo ya kuogelea. Na kwenye mashua utaoga chumvi upende usipende, kwa hiyo simu na nguo za kubadili ziweke kwenye mfuko wa nailoni.

NYERERE DEI: DEMANI KUINGIA VULI

Kusi ikichoka, mnamo Septemba na Oktoba, inakuja demani, bahari inalala. Oktoba 14 ni siku nzuri kwa wasiopenda kurushwa na mawimbi. Nyangumi wenye nundu wanaopita upande wa bahari kuu wanakuwa hawajaisha wote, na papa potwe wanaanza kuonekana Kilindoni.

Ndiyo wakati wa ile rasi ya maji ya buluu ya Juani, bwawa la asili linalopokea maji ya bahari. Chini yake kuna viwavi wa baharini wanaokaa kichwa chini miguu juu, kama watu waliolewa. Hawawashi kama wale wa Koko Bichi, lakini usiwavuruge. Novemba mvua za vuli zinaingia, ila ni za kunyesha na kupita. Haziharibu safari.

HALAFU KUNA MWEZI

Msimu ukishaupata, bado hujamaliza. Nilipomuuliza nahodha mmoja wa makamo tungeondoka saa ngapi kwenda Kua, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo nahodha. Kesho tutoke saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Leo mwezi ngapi?"

"Tarehe saba, baba."

"Sikuuliza tarehe. Mwezi wa mbinguni!"

Alikuwa na haki. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua. Maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti zaidi ya mita tatu. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, kisha kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50.

Maana yake kwa mgeni? Asubuhi ya bamvua maji yakiwa yamekimbia, unawaona akina mama wakitafuta pweza kwenye miamba, na watu wanavuka kwa miguu kati ya Chole na Juani. Alasiri maji yakirudi, mashua inapita kwenye mikoko kukupeleka Kua. Ukichanganya, mashua inapwelewa, nawe unakaa juu ya tope mpaka bahari ikukumbuke.

NJIA, PESA NA ADABU

Kutoka Dar kuna ndege ndogo, kama nusu saa hivi mpaka Kilindoni. Mwenye pochi ya kawaida anakwenda kwa gari hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, anavuka kwa kivuko au boti. Panda chombo chenye maboya ya kuokolea, tena ulione boya lako kwa macho. Kilindoni hadi Utende ni barabara ya lami. Wageni wengi hulala Utende au Chole, Juani wanakwenda kwa mashua na kurudi.

Kuna kiingilio cha hifadhi, na Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Kwa hiyo ile kauli ya "mambo ya Wazungu hayo" tuiache. Tunaiogopa bei ambayo hatujaiuliza.

Kijijini vaa kwa heshima, akina dada kanga mabegani, akina kaka msipite na vifua wazi. Salimia kwanza, picha baadaye, tena kwa ruhusa. Na mwongozaji awe mtu wa Juani. Hili nalisisitiza. Zamani shimo la kasa likionekana, mayai yalikwenda jikoni na kasa mwenyewe akachinjwa. Mtu mwenye njaa huwezi kumshibisha kwa hotuba ya mazingira. Lakini kijana anayelipwa kwa kuwaonyesha wageni shimo hilo hilo ana sababu ya kulilinda usiku kucha. Shilingi yako ikiishia hotelini tu, kasa atarudi kwenye sufuria.

Kwa hiyo kabla hujaomba ruhusa kazini, piga simu Mafia uulize mambo mawili: upepo gani unavuma, na mwezi ngapi. Bei utaiuliza ya tatu. Bosi akikunyima Agosti, omba Oktoba. Akikupa Aprili, mshukuru, kisha nenda zako Moshi.