Je, Wajua? Safari ya Bukari Hadi Sahani ya Likasi

Ulimwengu unaijua Likasi kwa shaba na kobalti. Lakini ukitaka kuujua mji huu kweli, uliza bei ya unga wa bukari, yaani ugali, sokoni. Ndani ya bei hiyo mna mipaka, mabwawa, sheria na amri za zaidi ya miaka 100. Tazama mwenyewe!

Jua likiwaka Zambia, unga hupanda Likasi
Mwaka 2023 Zambia ilivuna mahindi zaidi ya tani milioni 3.2. Mwaka 2024 ukame wa El Niño uliyateketeza mashamba, na mavuno yakashuka hadi tani milioni 1.5 hivi, yaani chini ya nusu. Sehemu kubwa ya mahindi na unga wa Haut-Katanga, jimbo la Kongo lenye mji wa Likasi, hupitia mpaka wa Kasumbalesa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Likasi. Serikali ya Zambia ikizuia mahindi yasitoke, mama anayepima unga kwa meka, kipimo cha sokoni, hana budi kupandisha bei.

Mlipa kodi wa Zambia amechangia bukari yako
Tangu 2002 serikali ya Zambia humlipia mkulima mdogo sehemu ya gharama ya mbolea na mbegu. Tena kuna shirika la akiba ya chakula, lililoundwa mwaka 1996, ambalo hununua mahindi yake. Gunia la mkulima huyo likivuka mpaka, msaada aliopewa huvuka nalo, mpaka kwenye sufuria ya Likasi. Ndiyo maana kura ya bajeti katika bunge la nchi jirani inagusa chakula cha jioni cha familia ya Kongo!

Kulima ilikuwa amri ya serikali
Mwaka 1917 utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha wanakijiji wa Kongo kulima mazao uliyoyachagua wenyewe, hadi siku 60 kwa mwaka. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, mwaka 1942, siku hizo zikafikia 120, karibu theluthi ya mwaka! Sera ya kilimo iliingia vijijini ikiwa na adhabu mkononi. Sera ya leo inapaswa kuingia na mbegu bora, barabara na soko la haki, ili mkulima aiamini.

Unga ulikuwa sehemu ya ujira
Enzi mji ulipoitwa Jadotville, kampuni ya madini ya Union Minière iliwagawia wafanyakazi wake posho ya unga. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi mwaka 1967, iliendelea na desturi hiyo, na familia nyingi zilipata unga bila kukimbizana na bei ya soko. Kisha kampuni ikadhoofika, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kazini kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wengi walishika jembe, na mashamba ya pembeni mwa mji yakawa ndiyo mshahara mpya.

Gavana aliwaambia wachimba shaba: limeni!
Moïse Katumbi, gavana wa jimbo la zamani la Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, alizitaka kampuni za madini zilime mahindi, kila moja hekta 500. Hilo ni eneo la viwanja vya mpira vipatavyo 700! Hoja yake ilieleweka hata kwa mtoto: anayechukua utajiri chini ya ardhi asaidie kuzalisha chakula juu yake.

Ziwa la samaki lililozaliwa na umeme
Ziwa Tshangalele halikuwepo kabla ya bwawa la Mwadingusha kujengwa kwenye mto Lufira, karibu mwaka 1930, ili migodi ipate umeme. Leo linalisha Likasi na Lubumbashi kwa samaki. Lakini maji machafu ya viwanda vya Shituru, hapa hapa Likasi, yamekuwa yakiteremka kwa mto Panda hadi Lufira na kufika ziwani. Kwa hiyo anayelinda mto analinda kitoweo cha maelfu ya watu.

Ardhi tele, njaa tele
Kongo ina takriban hekta milioni 80 zinazofaa kulimwa, na inayolimwa ni kama sehemu moja kati ya kumi. Hata hivyo, mwanzoni mwa 2025 watu wapatao milioni 28 nchini walikuwa katika njaa kali. Mjini Maputo, mwaka 2003, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Ahadi hiyo ikitimizwa hapa Kongo, ardhi ya kuipokea ipo tayari!

Asilimia 15 inayorudi nyumbani
Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba katika mrabaha wa madini, asilimia 50 iende kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa mji au eneo lenye mgodi. Fedha za asilimia hiyo 15 zinaweza kutengeneza barabara ya shambani, ghala na daraja, ili mahindi ya jirani wa kijijini yafike sokoni kabla ya yale ya ng'ambo ya mpaka. Sheria imekwisha kuandikwa, na kila mkazi wa Likasi ana haki ya kuuliza: asilimia 15 yetu imelima nini mwaka huu?