Kadi ya mtoto anayehama na ng'ombe

Kliniki ya mtoto huanza na swali la makazi: "Mama, unatoka kitongoji gani?" Kwa mama mwenye nyumba ya kudumu ni swali jepesi. Kwa mfugaji aliyejifungua Mvomero wakati wa masika na kiangazi hiki yuko bondeni, wilaya ya tatu kutoka pale, ni swali gumu kuliko sindano yenyewe. Akijibu kwa ukweli, mara nyingi anaambiwa arudi alikoandikishwa.

Zamani, na hata sasa kwa wengi, wanaokwenda ronjo, yaani kambi za muda za malisho, na mifugo ni vijana, na mama na watoto wachanga hubaki bomani. Lakini upo uhamaji mwingine usiomwacha mtu nyuma. Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu, wilayani Mbarali, mwaka 2006 na 2007 na kuelekezwa Lindi na Pwani walikwenda na kila kitu: ng'ombe, punda, sufuria, na watoto mgongoni. Wapo waliohama tena baada ya hapo.

Nimefanya kazi ya kliniki za watoto kwa miaka mingi, na nimewasikia wenzangu wakisema kinachomuumiza mtoto wa mfugaji ni kule kuhama. Mimi sikubali. Watafiti Nathan, Fratkin na Roth waliwalinganisha watoto wa Warendille kaskazini mwa Kenya, wa familia zinazohama na wa familia zilizokwisha kutulia karibu na miji. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalionyesha kuwa wanaohama walikuwa na lishe bora. Sababu kubwa ilikuwa maziwa. Aliyetulia mjini alikuwa karibu na zahanati na mbali na ng'ombe, na uji wa mahindi peke yake haujazi pengo hilo.

Kwa hiyo kambini chakula kipo. Chanjo ndiyo inayokatika njiani.

Ratiba ya Tanzania si ndefu. Akizaliwa, mtoto hupata BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata ile sindano moja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na bakteria wa Hib, pamoja na kinga za nimonia na polio; ya kuhara nayo huanza wiki ya 6. Halafu surua-rubela miezi 9, na tena miezi 18. Tazama penye nafasi ndefu ya kwanza: kati ya wiki ya 14 na miezi 9 ni karibu nusu mwaka, na nusu mwaka kwa mfugaji ni msimu mzima. Waliokwisha zoea kituo fulani huwa wameshakiacha mbali.

Mama akichelewa huogopa kugombezwa, basi haendi kabisa. Hapa nataka nieleweke vizuri: dozi aliyokwisha pata mtoto haifutiki. Kati ya dozi moja na nyingine ya ile sindano ya wiki ya 6 tunataka zipite angalau wiki 4, lakini zikipita wiki 20 hatuanzi upya. Tunaendelea pale alipoishia. Muuguzi anayemwambia mama "imeharibika, tuanze moja" anamchoma mtoto sindano za ziada bila sababu.

Kuna jambo lingine ambalo mama haambiwi. BCG na surua-rubela huja zikiwa unga, na muuguzi huchanganya na maji yake maalumu. Zikishachanganywa, ndani ya saa 6 ziwe zimetumika au zimwagwe. Kichupa kimoja huwa na dozi za watoto kadhaa, na cha BCG mara nyingi 20. Sasa anaingia mama mmoja na mtoto mmoja, siku ya Jumatatu. Muuguzi anawaza zile dozi 19 na ripoti ya mwisho wa mwezi, anasema, "Mama, njoo Alhamisi, wenzio watakuwa wengi." Alhamisi ng'ombe wako mto mwingine. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kichupa cha chanjo ya surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Mimi ningekifungua. Dozi zilizomwagwa ni hasara inayohesabika. Surua ikiingia kambini penye watoto 30 wasiochanjwa, hatujui itaishia wapi.

Nchini Chad, takriban mwaka 2000, watafiti walikwenda kwenye makambi ya wafugaji wa Kifulani na Kiarabu wakakuta waliochanjwa zaidi ni ng'ombe kuliko watoto, na hawakumpata hata mtoto mmoja aliyekamilisha chanjo zote. Wataalamu wa mifugo walikuwa wakifika malishoni na gari na majokofu yao. Wa afya ya watu walikuwa wakisubiri vituoni. Ndipo safari zikaunganishwa, gari moja, chanjo za ng'ombe na za watoto, na watoto wakaanza kupatikana.

Kwetu ningependa huduma ya mkoba, ile ya wauguzi kuwafuata watu walipo, ifuate mnada wa mifugo. Si josho: joshoni utakuta wanaume na vijana. Mnadani mama anakuja mwenyewe kuuza maziwa na kununua unga, na mtoto yuko mgongoni. Tena siku ya mnada inajulikana na kila mtu hata asiye na kalenda. "Rudi mnada wa nne kutoka leo" ni tarehe inayokumbukwa kuliko ile niliyoiandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu.

Kadi zenyewe hupotea, hulowa, huliwa na mbuzi. Mama mmoja alinifundisha dawa yake. Nilipomwomba kadi akafungua mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili, akatoa kibali cha kusafirisha mifugo, stakabadhi za mnada, na katikati yake kadi ya mtoto, safi kama siku ilipotolewa. Nikamuuliza kwa nini anaziweka pamoja.

"Hizi baba yake halali bila kujua ziko wapi," akasema.